Mchaichai Uliopitia Nyumba Nne

Siku tuliyohama Tabata kwenda Kinyerezi, kitu cha mwisho kupandishwa kwenye kirikuu kilikuwa beseni kuukuu lenye mchaichai. Vitanda vilikuwa vimeshapangwa, magodoro yamefungwa kamba, jiko la gesi limelazwa juu ya viroba vya nguo. Dereva aliliangalia lile beseni, akaangalia nafasi iliyobaki, akaniambia kwa upole, "Dada, si ungeyaacha tu hayo majani? Mchaichai upo kila mahali."

Ni kweli, upo kila mahali. Ukitaka shina la mchaichai Dar es Salaam hukosi wa kukupa. Lakini huu mama yangu aliuchimbua kwa bibi yangu, Muheza, akaufunga mizizi kwenye kipande cha gunia kilicholowa, akauweka miguuni mwake ndani ya basi mpaka mjini. Mwaka huo ndiyo nilikuwa nimepanga chumba changu cha kwanza, Magomeni. Alipofika hakuulizia kitanda wala pazia. Aliuliza, "Maji ya vyombo unamwaga wapi?" Nikamwonyesha. Akaupanda hapo.

Nikamwambia dereva kwamba beseni nitalipakata mwenyewe. Nikalipakata mpaka Kinyerezi, majani yakinikwaruza mikono njia nzima, maana jani la mchaichai lina makali pembeni kama wembe mwembamba.

Nimeamua kuandika kuhusu viungo vya majani vya nyumbani kwa sababu naulizwa sana, hasa na wapangaji wenzangu, na kwa sababu naona majibu mengi yanaanzia pasipofaa. Watu huanza na mbolea, na chombo, na aina ya mbegu. Mimi naanzia alipoanzia mama: unapikia wapi, na maji ya vyombo unamwaga wapi.

Muheza ni nchi ya viungo. Juu yake imesimama milima ya Usambara Mashariki, na huko Amani Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Hadi leo vijiji vya huko juu vinalima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Bibi naye alikuwa na pilipili manga zimepanda juu ya miti na midalasini michache nyuma ya nyumba. Hivyo vilikuwa viungo vya kuuza. Vilivunwa, vikaanikwa kwenye mkeka, vikatiwa kwenye gunia, vikaenda kwa mnunuzi. Pilipili manga iliyokauka vizuri inaweza kukaa mwaka mzima na bado ikakupiga chafya ukiisaga.

Lakini pembeni ya bafu lake la makuti, pale maji yalipotokea kwenye kijifereji, palikuwa na vurugu fulani ya majani ambayo hakuna mtu aliyeiita bustani. Mchaichai ulikuwa hapo, mkubwa kiasi cha kuku kutagia ndani. Mrehani. Kivumbasi. Mnanaa uliotambaa mpaka chini ya jiwe la kufulia. Mpilipili kichaa mmoja ambao nadhani ulipandwa na ndege. Sikumwona bibi akiumwagilia hata mmoja wa mimea hiyo kwa makusudi. Aliyeoga ndiye aliyemwagilia. Aliyeosha vyombo ndiye aliyemwagilia. Na kila jioni, sufuria ikiwa tayari jikoni, alitoka hatua kama kumi, akachuma anachotaka, akarudi kabla mchuzi haujatokota mara ya pili. Siku moja alinituma nichume mrehani nikakawia kucheza njiani, akaniambia, "Jani likishakatwa halisubiri mtu."

Nilikuja kuelewa maneno hayo nikiwa na jiko langu mwenyewe. Harufu ya jani inatoka kwenye mafuta mepesi yaliyomo ndani yake, na mafuta hayo yanaruka haraka. Punje na magome yanayafunga vizuri, ndiyo maana iliki na mdalasini zilivuka bahari na majahazi. Jani halina kifuko cha namna hiyo. Giligilani iliyochumwa asubuhi, ikafungwa mafungu, ikapigwa jua la sokoni mchana kutwa, ukifika nayo nyumbani usiku imebaki rangi. Mrehani ndio mgumu zaidi: ukiutia kwenye friji kesho yake majani yamekuwa meusi, kwa sababu baridi inaudhuru. Kwa hiyo sioni kama kupanda viungo vya majani nyumbani ni suala la kuokoa shilingi mia tano ya fungu. Hiyo mia tano ukipiga hesabu vizuri, pengine utaitumia kwenye samadi. Unapanda kwa sababu ladha hiyo haiuzwi.

Nianze na giligilani, kwa kuwa ndiyo inayowavunja watu moyo, na ilinivunja mimi.

Pale Magomeni nilinunua pakiti ya mbegu dukani, nikapanda kwenye ndoo, nikangoja wiki tatu. Hazikuota hata tano. Nikanunua nyingine, ikawa vilevile. Nikaamini kwamba giligilani ni zao la watu wa Lushoto na halitaki joto la pwani, na ninakiri kwamba nilikaa na imani hiyo karibu miaka miwili. Aliyenitoa humo ni jirani yangu wa Tabata, mama mtu mzima kutoka Pemba, ambaye mimea yake ilikuwa kwenye madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa nusu, yamepangwa kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikamuuliza mbegu zake anazipata wapi. "Marahaba mwanangu. Mbegu gani? Hizi za pilau."

Alikuwa na maana hiyohiyo. Alikwenda kwa muuza viungo, akanunua punje nzima za giligilani ambazo hazijakaangwa, akazipanda. Lakini kabla ya kupanda alifanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: alizitandaza juu ya kanga, akapitisha kifimbo cha kusukumia chapati kwa mkono mwepesi mpaka kila punje ikapasuka katikati. Ukiichunguza punje ya giligilani utaona ni mviringo wenye michirizi, na ukiipasua utakuta ndani si mbegu moja, ni mbili, zimetazamana kama viganja. Lile ganda la nje linachelewesha maji kuingia. Ukishalipasua na kuloweka usiku mmoja, unasaidia sana. Za kwangu zilianza kutokeza siku ya tisa.

Ukipanda, panda palepale zitakapokulia. Giligilani ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka moja kwa moja, na ukiuhamisha mche huo unaona umeadhibiwa, unakimbilia kutoa maua. Chombo kiwe na kina cha shubiri moja hivi. Funika mbegu kwa udongo mwembamba, kama unene wa kidole kidogo, na usiache udongo wa juu ukauke mpaka zitokeze.

Na hapa ndipo majira yanapoingia. Giligilani haichukii pwani, inachukia Januari. Ukipanda kwenye kiangazi, jua la kaskazi likiwa kali na usiku nao hautoi nafuu, mmea unaona maisha yake ni mafupi. Unarefuka ghafla, majani ya chini yaliyo mapana yanakwisha, juu yanatoka majani membamba kama nyuzi, kisha maua meupe. Ladha inageuka, inakuwa kali na chungu kidogo. Ile ya Juni, upepo wa kusi ukiwa umeshaingia na usiku umepoa, unaichuma wiki hadi wiki. Mimi sasa napanda kidogokidogo kila baada ya wiki mbili au tatu kuanzia mwisho wa masika mpaka Septemba. Miezi ya joto napanda pia, lakini kwenye kivuli cha ukuta unaopata jua la asubuhi tu, na ninachuma ikiwa bado changa sana, urefu wa kidole, bila kungoja ishibe.

Ikishatoa maua usiing'oe kwa hasira. Nyuki wanaipenda, na baada ya maua zinakuja punje za kijani. Chukua punje hizo zikiwa bado mbichi, ziponde kwa mchi, zitie kwenye kachumbari. Zina ladha iliyo katikati ya jani na punje kavu, na kwa mbali kama ganda la ndimu. Sijawahi kuziona zikiuzwa popote. Hicho ni chakula cha mwenye mmea peke yake. Zinazobaki ziache zikauke hapohapo, ndiyo mbegu yako ya msimu ujao.

Yule jirani alikuwa haiiti giligilani. Kwake majani ni kotmiri, na alikuwa ananisahihisha kila mara. Kwake giligilani ni punje. Ofisini nilikuwa na mwenzangu kutoka Nairobi ambaye kwake yote ni dania, jani na punje. Vivyo hivyo kile kiungo chembamba cha pilau: Zanzibar utasikia uzile, sisi wa bara ni binzari nyembamba, na Mombasa utasikia jira. Kotmiri na dania ni maneno yaliyofika na watu wa India waliokaa mwambao huu pamoja nasi, na majina yakafuata majiko. Ninalisema hili kwa sababu lina faida kwa mpandaji. Ukiingia sokoni ukauliza jina moja tu unaweza kuambiwa hakuna, na kumbe fungu liko mbele yako. Nimejifunza kuuliza kwa majina yote, na kama bado, nanusa.

Na huyo mama ndiye aliyenifundisha chatini yake. Kotmiri mkono mmoja mzuri pamoja na vikonyo, maana vikonyo ndivyo vyenye ladha, nazi iliyokunwa kidogo, pilipili mbichi mbili, kitunguu thomu punje moja, chumvi, ndimu. Unaponda au unasaga mpaka ilainike. Alikuwa anaweka bajia kwenye mafuta ndipo anakwenda kuchuma kotmiri. Bajia zinatoka motoni, chatini nayo inatoka kwenye kinu.

Kabla ya Tabata nilikaa Buguruni, na huko nilijifunza kitu kuhusu upangaji. Nilipata uani padogo penye udongo, nikalima tuta zuri, hatua nne kwa mbili. Mrehani, vitunguu majani, mnanaa, pilipili, na mchaichai pembeni. Nilihangaikia lile tuta miezi minane. Siku moja nimerudi kazini jioni nikakuta mwenye nyumba ameleta fundi, uwani pamemwagwa zege, mbichi bado inang'aa. Mimea ilikuwa imeng'olewa ikarundikwa ukutani. Nyumba ni yake, na hakuwa na ubaya nami. Alitaka uani pasiwe na tope mvua zikianza. Lakini nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mchaichai peke yake ndio niliouokoa, niliutia kwenye beseni usiku uleule. Tangu siku hiyo sijapanda kiungo ardhini kwenye nyumba ya kupanga. Kila kitu kiko kwenye chombo chenye mpini, au kinachobebeka na watu wawili.

Vyombo si tatizo. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo, dumu la mafuta la lita 5 au 10 lililokatwa, beseni, kiroba cha unga. Toboa matundu chini, matano au sita, makubwa ya kutosha kupitisha kidole kidogo, maana maji yakisimama mizizi inaoza. Udongo ndio unaotaka akili. Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio, na jua likipiga ndoo nyeusi, ifikapo saa nane mchana mmea umelala. Mchanganyiko wangu ni mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa mpaka haina harufu, na fungu moja la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa, kwa sababu makumbi yanashika maji. Samadi ya kuku usiitumie mbichi. Niliitumia mara moja nikaunguza miche yote ndani ya siku nne.

Maji nayo. Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu sioni watu wakilisema. Nyumba ya Tabata ilikuwa na kisima kirefu, na maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, kama visima vingi vya mji huu wa pwani. Kuoga tuliyazoea. Mimea haikuyazoea. Mnanaa ulianza kuungua ncha za majani, kahawia, kama umepitishwa kwenye moto wa mshumaa. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji, yaani nikaongeza chumvi. Baadaye nikaona juu ya udongo ukoko mweupe. Nilikwangua nikaugusa na ulimi, ulikuwa chumvi. Chombo ni kibaya zaidi kuliko ardhi kwa jambo hili, maana jua linakausha maji na chumvi inabaki ndani, kila siku inaongezeka kidogo. Mnanaa ule ulikufa, na mrehani mmoja. Mchaichai ulivumilia, ukapoteza uzuri wake lakini haukufa.

Tiba niliyoipata ni kuacha kutegemea bomba. Masika na vuli nilikinga maji ya mvua kwenye madumu chini ya bati, na mvua kubwa ya kwanza ikija navitoa vyombo vyote vinyeshewe hasa, maji yapite mpaka yatoke chini, yaoshe ile chumvi. Katikati ya mvua na mvua natumia maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga, yanayotoka kwenye maji ya kunywa tuliyonunua. Nyumba ya watu wanne inapika wali karibu kila siku. Maji ya mchele yanatosha vyombo sita vidogo ukiyapanga. Na utaona tunarudi palepale: maji hayo yako jikoni, kwa hiyo mimea lazima iwe karibu na jikoni. Mmea ulio mwisho wa uwanja hutaubebea bakuli la maji ya mchele usiku wakati watoto wanalia njaa. Ulio mlangoni utaumiminia ukipita.

Mnanaa nilioanza nao upya haukutoka dukani kwa wauza miche. Nilinunua fungu la kula, nikachagua vijiti vitatu vigumu kidogo, nikaondoa majani ya chini, nikavitia kwenye glasi ya maji dirishani. Wiki moja tu mizizi ilikuwa imetoka, myeupe kama nyuzi. Mrehani nao unakubali njia hiyohiyo. Mnanaa upe chombo chake peke yake, kwani unatambaa chini ya udongo na ukiuchanganya na wenzake baada ya miezi utakuta umebaki wenyewe. Unapenda unyevu na nusu kivuli. Wangu uko chini ya bomba la karo la nje, na chai ya rangi yenye mnanaa ndiyo dawa yetu ya usiku ya tumbo lililojaa.

Mrehani pwani tuliujua kwa pua kabla ya kuujua kwa sufuria. Kina bibi waliufunga pamoja na asumini kwenye kikuba, wakauvaa kwenye sherehe, harufu ikatangulia watu kuingia mlangoni. Kwa hiyo wazee waliacha mashada yake ya maua yarefuke. Ukiutaka wa kupikia, fanya kinyume: ukiona tumba linachomoza juu, likate. Kata juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili, na katika kila kwapa la jani litatoka tawi. Moja linakuwa mawili, mawili manne. Mrehani usiochumwa unasimama kama mti mkavu, unatoa mbegu, unakufa. Unaochumwa kila siku mbili tatu unafanya kichaka. Jirani yangu alinikuta siku moja nausifia mrehani wangu kwa urefu, akaniambia, "Mwanangu, huo unauonea huruma bure. Ukate." Akaukata yeye mwenyewe kwa kucha, karibu nusu. Nilisononeka. Baada ya wiki mbili ulikuwa mpana kuliko beseni.

Hilo ndilo ambalo ningependa kila anayeanza alishike: viungo hivi vinaishi kwa kuchumwa. Mtu anapanda, vinapendeza, anaogopa kuvigusa ili visiharibike, na hapo ndipo vinapoharibika. Mkono wa mpishi ndio utunzaji wenyewe. Kivumbasi hata sikitungi habari ndefu, kinajiotea, harufu yake kali, na bibi aliweka tawi lake mlangoni jioni kwa ajili ya mbu.

Nina kilio kimoja cha rozimeri. Nimeipanda mara mbili, imekufa mara mbili, na mara zote mbili niliiua kwa maji. Ni mmea wa nchi za bahari ya Mediterania, umezoea mawe, jua na kiangazi kikavu, na unyevu wa hewa ya Dar unaulemea hata kabla hujauongezea wa kopo. Nairobi nimeona watu wameipanda kama uzio, wanaikata kwa mkasi kama majani ya kawaida. Niliitamani sana. Lakini kuku wa kukaanga wa pwani hajawahi kuilalamikia, na nafasi ya chombo chake nimempa mgeni mwingine ambaye huku amepazoea kabisa: mti wa majani ya mchuzi, ule ambao majirani Wahindi wanauita limdo.

Mche wake niliomba. Mti mkubwa unatoa vichipukizi kwenye mizizi, unakikata kimoja na kipande cha mzizi wake. Mbegu zake pia zinaota, zile punje nyeusi zenye nyama, lakini lazima upande zikiwa mbichi, zikikauka zinakufa. Mwaka wa kwanza mche wangu ulikaa tu, majani yaleyale kumi na matatu, nikawa nauhesabia kila Jumapili. Mwaka wa pili ukaamka. Majani yake unatupia kwenye mafuta ya moto pamoja na punje za haradali, yalie, kisha unamimina juu ya dengu au mchuzi wa samaki wa nazi. Yaliyokauka ya pakiti sioni sababu ya kuyanunua, yamebaki umbo.

Mti huu ni wa ukoo mmoja na mndimu na mchungwa, na kipepeo wa michungwa analijua hilo. Siku moja nikakuta juu ya majani vitu kama kinyesi cha ndege, kahawia na weupe. Nilitaka kuvifuta, kimoja kikatembea. Ni kiwavi. Akiwa mdogo anajifanya kinyesi ili ndege wasimtake. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anatoa kichwani pembe mbili laini zenye rangi ya moto na harufu kali. Binti yangu alikuwa na miaka sita wakati huo. Tuliwatoa wengi, lakini tukaacha watatu kwenye tawi moja tulilolifunga uzi mwekundu, akawa anawatembelea kabla ya shule. Tawi likabaki vikonyo. Mmoja akajining'iniza kwenye ukingo wa ndoo, akawa kama jani lililokunjika, na siku moja asubuhi alikuwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, anakausha mabawa. Mchuzi wa wiki hiyo ulikosa majani, na sikujuta.

Wadudu wengine siwapi nafasi hiyo. Vidukari nawaosha kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, jioni, kisha asubuhi nasuuza kwa maji safi. Dawa ya dukani sipulizi kwenye kitu ninachokichuma na kukila dakika hiyohiyo.

Kinyerezi tumekaa sasa. Jikoni pana mlango wa nyuma na ngazi tatu, nami nimeweka vyombo kwenye kila ngazi kama alivyofanya yule mama wa Pemba. Beseni la mchaichai liko chini kabisa, pale maji ya karo yanapotokea. Mwaka jana lilianza kupasuka. Mashina yalikuwa yamesongamana mpaka ya katikati yamekauka, kwani mchaichai ukikaa miaka bila kugawanywa unajiua wenyewe kwa msongamano. Nikaugeuza juu ya gunia, nikaupasua kwa panga. Yakatoka mafungu matano yenye mizizi mizuri.

Moja lilirudi kwenye chombo. Mawili nikawapa majirani. La nne nilimpa binti aliyepanga chumba cha uani, ndiyo kwanza anaanza kazi, na nikajikuta namuuliza maji ya vyombo anamwaga wapi.

La tano nilikwenda nalo Muheza. Bibi alishafariki, na nyumba anakaa shangazi na wanawe. Bafu la makuti halipo, wamejenga choo na bafu la matofali upande wa pili, na pale palipokuwa na majani ya bibi pamekauka, kuku wanajipekecha mavumbini. Nilitafuta kama hata mnanaa umebaki chini ya jiwe. Jiwe lipo, mnanaa haupo. Mchaichai uliotoka pale haukuwa na hata shina moja lililosalia nyuma.

Nilifungua gunia. Shangazi akaleta jembe bila kuuliza, tukazunguka nyuma ya bafu jipya mpaka tukaona bomba linapotolea maji, tukachimba hapo. Fungu la mchaichai likihamishwa unalipunguza majani, unayakata yabaki kama urefu wa kiganja, ili mizizi ipate pumzi ya kushika kabla ya kulisha majani marefu. Nikayakata. Shangazi akayaokota yote chini, akayapangusa kwa upindo wa kanga, akayafunga fundo, akaenda nayo jikoni kuweka chai.